Jino na sehemu zake: majina ambayo kila mzazi ayajue, na hukumu ya kung'oa "meno ya plastiki"

Bismillahir Rahmanir Rahim

SWALI

Assalaamu alaykum masheikh wetu. Sisi tuko Wete, Pemba. Binti yetu ameolewa Bukoba, na nyumba yao iko kata ya Ijuganyondo. Mtoto wake ana miezi minane, anaharisha, na homa inakuja na kuondoka. Majirani wamemfungua kinywa wakamwonesha mama yake uvimbe mweupe kwenye ufizi, wakasema hayo ni meno ya plastiki na yasipotolewa mtoto hufa. Mavyaa wake amekwishampata mtu wa kuyatoa. Je, meno hayo yapo kweli? Na kuyatoa kunajuzu?

JIBU

Wa alaykumus salaam. Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Tunaanza na jibu la haraka, kwa sababu mtoto mgonjwa hangoji makala. Meno ya plastiki hayapo. Uvimbe ule ni jino lake la kweli ambalo bado halijatoka. Asikatwe ufizi wala asichokolewe. Apelekwe kituo cha afya leo hii, apimwe malaria na atibiwe kuharisha, na wakati wote huo aendelee kunyonya.

Baada ya hapo tunawaomba wazazi wote wa visiwani watulie nasi kidogo, tulitazame jino kuanzia juu hadi mzizini. Mzazi anayelijua jino ni vigumu kudanganywa kuhusu kinywa cha mwanawe.

Sehemu za jino

Jino kwa umbo lake lina sehemu tatu. Ile inayoonekana mtu akicheka huitwa taji. Pale jino linapokutana na ufizi ni shingo. Na iliyozama ndani ya mfupa wa taya ni mzizi. Meno ya mbele huwa na mzizi mmoja. Magego ya chini kwa kawaida yana mizizi miwili, na ya juu mitatu. Ndiyo maana gego ni gumu kung'oka kuliko jino la mbele.

Ndani yake jino lina matabaka:

Enameli ni ganda la nje la taji. Ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa mwanadamu, kigumu kuliko hata mfupa. Haina mishipa ya fahamu, kwa hiyo tundu linapoanza humo mtu hahisi kitu. Na ikishaliwa haioti tena.

Dentini iko chini ya enameli, nayo ndiyo sehemu kubwa ya jino. Ina vijitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kwa vijitundu hivyo baridi, moto na utamu hufika ndani. Mtu anayeruka akinywa maji ya barafu, mara nyingi dentini yake imeachwa wazi.

Kiini cha jino kiko katikati kabisa. Humo mna mishipa ya damu na ya fahamu. Maumivu ya jino yanayomnyima mtu usingizi hutoka hapo.

Sementi ni tabaka jembamba linaloufunika mzizi. Kati ya sementi na mfupa wa taya kuna nyuzi fupi zinazolishikilia jino lisilegee.

Ufizi ni nyama inayoikumbatia shingo ya jino. Ufizi mzima hautoki damu kwa kupiga mswaki. Ukitoka damu kila siku, una maradhi.

Majina ya meno

Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32, kumi na sita juu na kumi na sita chini. Ukiigawa kila taya nusu kwa nusu, kila robo ya kinywa ina meno manane: kato mbili za mbele za kukatia, chonge moja iliyochongoka ya kurarulia, magego madogo mawili, na magego makubwa matatu ya kusagia. Gego la mwisho huitwa jino la akili, kwa sababu huota mtu akiwa amekwishabaleghe, kwa kawaida baina ya miaka 17 na 25. Wengine halioti kabisa, na hilo si kasoro.

Watoto wetu wa chuoni wanayajua mengi ya haya kwa majina ya Kiarabu, kwani makharij ya herufi hayasomeki bila ya meno. Thanaya ni kato nne za katikati, mbili juu na mbili chini. Kwenye ncha za thanaya za juu ndipo ulimi unapogusa katika herufi tha, dhal na dha, na ndipo mdomo wa chini unapogusa katika fa. Rubaiyat ni kato nne za pembeni. Anyab ni chonge nne. Dhawahik ni magego manne ya mwanzo, yanayoonekana mtu akicheka. Tawahin ni kumi na mawili ya kusagia, na nawajidh ni manne ya mwisho. Jumlisha: nne, nne, nne, nne, kumi na mawili na nne, utapata 32 ile ile ya madaktari.

Meno huota mara mbili

Meno ya utotoni ni 20. Kila taya ina kato nne, chonge mbili na magego manne. La kwanza, kwa kawaida kato ya chini, huonekana karibu na miezi sita, ingawa mtoto mmoja huwahi na mwengine huchelewa. Chonge huja baadaye sana, baina ya miezi 16 na 22 hivi. Yote ishirini huwa yametimia mtoto anapofika miaka miwili na nusu hadi mitatu.

Jino halianzi siku linapotoka. Chipukizi za meno ya utotoni huanza kujengeka mimba ikiwa na wiki sita hivi. Mtoto akizaliwa, meno yake yote ishirini yamo ndani ya taya, yamejificha chini ya ufizi. Karibu na chipukizi hizo ndipo hukua pia chipukizi za meno ya ukubwani. Anayechimba jino la utotoni kwa chuma anaweza kuliharibu na la ukubwani lililo jirani yake.

Karibu na miaka sita huota gego la kwanza la ukubwani. Hili haliangushi jino lolote. Hujitokeza kimya kimya nyuma ya magego ya utotoni, na wazazi wengi hudhani ni la utotoni, wakaliacha lioze wakingoja ling'oke liote jengine. Halitaota jengine.

Maneno utakayoyasikia kwa daktari wa meno

Ukoga ni utando unaoganda juu ya jino. Ukiachwa hukauka ukawa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauutoi, mpaka ukwanguliwe kliniki.

Kuoza kwa jino hutokana na vijidudu vya kinywani vinavyokula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo huila enameli mpaka ikafanya tundu.

Kuziba ni kulisafisha tundu na kulijaza. Wanaotuuliza kuhusu josho la janaba kwa mwenye jino lililozibwa tunawajibu: katika madhehebu yetu ya Shafi kusukutua ni sunna, katika udhu na katika josho pia, kwa hiyo kuziba hakumdhuru.

Kutibu mzizi ni kukitoa kiini kilichoharibika, kuisafisha njia yake na kuiziba, ili jino libaki kinywani.

Ganzi ni ile sindano ya kufisha maumivu. Kung'oa ndiyo njia ya mwisho, na palipotoka jino hubaki pengo.

Namba za meno. Ukiona katika kadi yako 46 au 53, usishangae. Tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa, kuanzia juu kulia, na ya pili ni jino lenyewe kuhesabu kutoka katikati. Robo za ukubwani ni 1 hadi 4, za utotoni ni 5 hadi 8. Basi 46 ni gego la kwanza la ukubwani chini kulia. Na 53, 63, 73 na 83 ni chonge nne za utotoni.

Chonge hizo nne ndizo hasa zinazosingiziwa kuwa plastiki.

Plastiki ilitoka wapi?

Imani hii imeenea Tanzania Bara tangu miaka ya 1980. Wengine husema meno ya nailoni, wengine ya plastiki. Magharibi ya Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula ambao si mbali na Bukoba, huitwa ebiino. Imeonekana pia Kenya, Sudan na Ethiopia.

Wanaoiamini si wajinga wala si wabaya. Wameona kitu, wakakielewa vibaya. Chipukizi ya chonge kwa mtoto wa miezi minane ni laini na nyeupe, kwa kuwa haijakomaa. Ikitolewa hapo haifanani na jino, inafanana na kipande cha plastiki. Na umri huo ndio mtoto anapoanza kula vyakula vya nje na kutambaa, akiokota kila kitu na kutia kinywani, na kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mama inapungua. Lazima ataharisha siku moja. Akifunguliwa kinywa, uvimbe utaonekana, kwa sababu kila mtoto anao. Na kuharisha kwingi hukoma wenyewe baada ya siku chache. Aliyepona husemwa amepona kwa kukatwa. Aliyekufa husemwa alicheleweshwa.

Sisi wa pwani tusiwacheke wenzetu. Wazee wetu walikuwa na neno kigego, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu kabla ya ya chini. Palikuwa na zama mtoto huyo akihesabiwa nuksi, na wapo waliouliwa kwa ajili hiyo. Meno yake hayakuwa na kosa lolote. Yalitofautiana kwa wiki chache tu na ya wenzake.

Hatari ya kukata

Ufizi wa mtoto hutobolewa kwa kisu, spoki ya baiskeli au waya uliochongwa, bila ya ganzi na bila ya kuchemshwa. Yanayofuata yanajulikana hospitalini: kutoka damu nyingi katika mwili wenye damu kidogo, pepopunda, sumu kuingia katika damu, na kuambukizwa virusi vya UKIMWI au homa ya ini kwa chuma kilichotumika kwa mwengine. Wapo wanaokufa. Wanaosalimika wengine hukua na chonge zisizoota au meno ya ukubwani yenye kasoro. Na wakati wote huo maradhi yenyewe, yaani malaria au kuharisha, hayajaguswa.

Hukumu yake

Kuyatoa hakujuzu, na ni haramu kwa aliyekwishajua madhara yake. Mtume (S.A.W.) ameamrisha kujitibu, na amekataza kudhuru. Imepokewa pia kutoka kwake kwamba anayetibu watu hali hajulikani kuwa ana elimu ya tiba, ni mdhamini wa madhara anayoyasababisha. Basi mkataji hawezi kujivua kwa kusema wazazi walimwita.

Na jino si kitu kidogo katika sharia. Diya ya jino moja la mtu mzima ni ngamia watano. Kuhusu mtoto ambaye meno yake ya utotoni hayajang'oka, mafaqihi wa Kishafi wamesema husubiriwa mpaka wakati wa jino kurudi. Lisiporudi, ikajulikana kuwa mahali pake pameharibiwa, dhamana huthibiti.

Nini kifanyike

Mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS kidogo kidogo kila mara, na anyonye zaidi kuliko kawaida. Kituo cha afya kitampa pia vidonge vya zinki, naye atumie siku zote alizoandikiwa hata akiacha kuharisha. Akiwa macho yamebonyea, utosi umeingia ndani, analia bila machozi, kinyesi kina damu, anatapika kila kitu au ameshikwa na degedege, asingojwe hata saa moja. Bukoba mjini ipo hospitali ya rufaa ya mkoa.

Neno moja kwa mabinti zetu waliotoka visiwani wakaolewa Kagera: kwetu malaria imepungua sana, mpaka wengi tumesahau kuifikiria. Kagera ingalipo kwa wingi. Homa ya mtoto huko ipimwe damu kwanza. Kuota meno hakuleti homa kali wala kuharisha kwingi.

Ama mavyaa, asijibiwe kwa ukali. Naye anamhofia mjukuu wake, na huenda amewahi kuzika watoto. Mume ndiye wa kusema na mama yake, kwa heshima. Bora zaidi waende naye kituoni, amsikie muuguzi kwa masikio yake. Wakimwonesha mtoto wa jirani mwenye miaka miwili ambaye hakukatwa, ataziona chonge nne pale pale palipokuwa na uvimbe. Hiyo "plastiki" ndiyo inayotafuna ndizi.

Wallahu a'lam.