Mpaka wa Aya na Mpaka wa Mbegu

Katika nyanda za juu za Mbulu, walikokaa Wairaqw kabla ya kutawanyika hadi Karatu, Babati na miteremko ya Hanang, nchi iligawanywa tangu zamani katika sehemu ziitwazo aya. Na msomaji wa pwani asidhani kuwa ni aya za msahafu, kwani kwa Kiiraqw neno hilo ni ardhi yenye watu wake, wazee wake na mipaka yake inayojulikana, ama kwa kijito, ama kwa mgongo wa kilima. Ilipohofiwa kuwa maradhi au balaa la mashamba limekaribia, wazee waliamuru ifanywe ibada ya masay: dawa ikatafutwa kwa mganga, mnyama wa kafara akapitishwa mipakani, na mpaka ukahesabiwa kuwa umefungwa. Mgeni mwenye haraka aliona hapo ushirikina mtupu. Walakini ndani ya ada ile mna fikira tatu ambazo mtaalamu wa afya ya mimea hawezi kuzikanusha, nazo ni kwamba balaa aghalabu hutoka nje, kwamba lina njia yake ya kupitia, na kwamba mpaka haulindwi na mtu mmoja.

Huku pwani fikira hiyo tuliijua kwa jina la karantini. Kisiwa cha Changuu, kinachoonekana kutoka mji wa Unguja, kilijengewa majumba ya gereza katika miaka ya 1890, kisha kikawa mahali pa kuwatenga wasafiri waliotuhumiwa kubeba maradhi. Lakini abiria wa jahazi au meli ana macho ya kutazamwa na mwili wa kupimwa joto, na zikipita siku zake salama huachiliwa aende zake. Ama mbegu haina ulimi wa kusema inaumwa, na huweza kukaa ghalani miezi mingi ikiwa nzuri kwa sura huku imeficha adui.

Siri hiyo ilianza kufahamika katika muhogo. Mwaka 1894 Mjerumani Warburg aliandika habari za ugonjwa wa batobato aliouona katika nchi hizi zetu, na mwaka 1936 H. H. Storey, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, akaeleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Muhogo hupandwa kwa kipande cha shina, na kwa hiyo mwenye kumzawadia jirani mbegu humzawadia na maradhi yaliyomo. Kitunguu swaumu, ambacho Mbulu imesifika kwacho, kina kadhia hiyo hiyo: hupandwa kwa punje zilizobanduliwa katika kichwa cha mwaka jana, na virusi vikishaingia hurithiwa kizazi baada ya kizazi.

Mahindi watu waliyaamini zaidi, kwa kuwa huota kwa punje iliyokauka. Imani hiyo ilitikisika Septemba 2011, mashamba ya Bomet nchini Kenya yalipoanza kukauka, na mwaka 2012 ugonjwa huo, uitwao na wataalamu kwa kifupi MLN, ukathibitika Tanzania, na mkoa wa Manyara, iliko Mbulu, nao haukusalimika. Jani hupata madoa ya kimanjano, kisha hukauka kuanzia ukingoni kuingia ndani. Maganda ya gunzi hukauka kabla ya wakati, na mkulima anayeyamenya kwa matumaini hukuta punje chache zilizosinyaa. Sababu yake ni virusi viwili vinavyokutana katika mche mmoja: kimoja ni kile cha batobato ya miwa, mwenyeji wa siku nyingi katika nchi hizi, na cha pili ni mgeni, ambaye habari zake ziliandikwa kwanza Peru katika miaka ya 1970. Kila kimoja peke yake hudhuru kwa kiasi, vikishirikiana huangamiza.

Hapa ndipo mizani ya karantini inapohitajiwa, na mizani hiyo huuliza mambo matatu: je, adui aweza kufika, akifika aweza kukaa, na akikaa atatugharimu nini? Kule Hawaii iliwahi kuhesabiwa kwamba katika miche 42,000 iliyooteshwa kwa mbegu za mahindi yaliyougua, 17 tu ndiyo iliyozaliwa na kirusi kile kigeni. Mwenye kusikia atasema hiyo si kitu. Lakini ekari iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 hubeba mimea karibu 18,000, na kwa hesabu hiyo hiyo saba yaweza kuugua tangu siku ya kuchipua. Kisha vithiripi, wadudu wasioonekana ila kwa kukazia macho, huyatoa maradhi katika ile saba na kuyapeleka katika mimea mingine. Uchache wa punje mbovu, basi, si dhamana, madhali yupo mchukuzi wa kuyatawanya maradhi na yapo mahindi mabichi ya kuyapokea.

Serikali imeweka sheria, kwanza ya mwaka 1997, kisha Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 iliyoleta Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na wakaguzi husimama bandarini na mipakani. Hata hivyo gunia la mbegu linalovushwa kwa pikipiki usiku halipiti mbele ya mkaguzi, na gunzi lililoning'inizwa juu ya moshi wa jiko likingojea mvua halina cheti. Kwa hiyo mkulima huambiwa anunue mbegu iliyothibitishwa, ang'oe mche unaougua, na aliache shamba msimu mmoja bila mahindi, apande maharage au viazi, ili kirusi kikose makao. Shauri hilo ni jema, ila halimfai afanyaye peke yake, kwani kithiripi hakitambui shamba la nani. Jirani akipanda mahindi, aliyepanda maharage msimu huu atayakuta maradhi yakimngojea msimu ujao. Wazee wa masay hawakukiona kirusi, lakini walijua kuwa mpaka wa kufungwa ni wa aya nzima, wala si wa boma la mtu mmoja.