Bomba la Mita Thelathini: Nani Alilipia Majitaka ya London?

Katika mijadala juu ya maendeleo ya miji, makada wengi huliona suala la majitaka kuwa ni kazi ya wahandisi. Mtazamo huo ni finyu. Mfereji mkuu ukishachimbwa barabarani, hubaki hatua chache tu kutoka hapo hadi chooni kwa mwananchi, na siasa yote imo katika hatua hizo. Nani alipie bomba lake? Na mwenye nyumba asipokuwa na uwezo, je, nyumba yake iachwe? Tulichunguze swali hili katika London ya karne ya 19, makao makuu ya ubepari wa wakati ule, ambako lilijibiwa kwa shida na kwa kuchelewa.

Hadi mwaka 1815 ilikuwa marufuku kuelekeza vinyesi katika mifereji ya London, maana mifereji hiyo ilikuwa ya maji ya mvua. Kila nyumba ilikuwa na shimo lake. Likijaa, mwenye fedha aliajiri watu wa kulichota usiku. La maskini lilifurika hadi chini ya sakafu. Mifereji yenyewe ilikuwa chini ya tume nane, kila moja ikiwa na vipimo vyake na wakubwa wake. Mwaka 1848 tume saba kati ya hizo ziliunganishwa, chini ya msukumo wa Edwin Chadwick, na uunganishaji wa nyumba na mifereji ukahimizwa kwa nguvu. Kwa nyumba mpya ukawa ni sharti.

Matokeo yake ni somo zito kwa mtu yeyote anayependa kampeni za haraka. Mashimo yalifungwa, lakini mifereji yote ilimwaga katika mto Thames, na humo humo makampuni ya maji yalichota maji ya kuwauzia wananchi. Kipindupindu cha 1848 na 1849 kiliua watu wapatao 14,000 katika London, na kile cha 1853 na 1854 kiliua zaidi ya 10,000. Kuunganisha nyumba pasipo mfereji mkuu wa pamoja kulikuwa ni kuhamisha uchafu kutoka uani kwa mtu mmoja na kuupeleka katika mtungi wa jirani yake.

Mwaka 1855 ndipo ilipoundwa Bodi ya Kazi za Jiji, ambayo wajumbe wake walichaguliwa na halmashauri za parokia. Lakini kwa miaka mitatu Bodi ilibishana na serikali kuu juu ya mipango na fedha. Kilichokata mabishano hayo ni joto la kiangazi cha 1858. Mto ulinuka hata mapazia ya Bunge yakachovywa katika dawa ya klorini. Wabunge hawakuwa wameingiwa na huruma ghafla. Wao pia walikuwa na pua. Katika majuma machache sheria ilipitishwa: Bodi ikope pauni milioni 3 kwa dhamana ya Hazina, na deni lilipwe kwa kodi ya peni 3 kwa kila pauni ya thamani ya majengo, kwa miaka 40. Mhandisi Joseph Bazalgette akaanza kuchimba.

Tuitazame kodi hiyo kwa makini. Haikumuuliza mtu mfereji unapita wapi. Parokia za matajiri wa Magharibi zilichangia mfereji uliopita chini ya vibarua wa Mashariki, kwa sababu majengo yao yalikuwa na thamani kubwa zaidi. Hata hivyo huko Mashariki kazi ilichelewa kukamilika. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi kikaua watu karibu 5,600, wengi wao huko huko Mashariki, ambako maji machafu ya mto Lea yaliingia katika maji ya kampuni. Mtambo wa kusukuma majitaka wa Abbey Mills ulifunguliwa mwaka 1868.

Sisi pia tunalo la kukumbuka. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilianza kufutwa Tanzania Bara, na huduma za miji zikadhoofika. Baada ya kipindupindu cha 1977 na 1978, halmashauri za miji zikarudishwa kwa sheria ya 1978.

Turudi kwenye lile bomba dogo. Nje ya London, Sheria ya Afya ya Umma ya 1875 ilisema kwamba nyumba iliyo katika umbali wa futi 100, yaani kama mita 30, kutoka kwenye mfereji lazima iunganishwe. Mwenye nyumba akikaidi au akishindwa, halmashauri ingefanya kazi yenyewe na kumdai. Sheria peke yake ingekuwa ni kumwadhibu fundi au karani aliyejenga kwa akiba ya miaka mingi. Ndiyo maana iliruhusu deni hilo ligeuzwe kuwa kodi maalumu, kwa riba isiyozidi asilimia 5, lilipwe polepole kwa muda usiozidi miaka 30. Mpangaji aliyeilipa aliruhusiwa kukata robo tatu yake katika pango. Bila shaka baba mwenye nyumba naye alijua kupandisha pango mwaka uliofuata.

Mkopo, hata uwe mpole namna gani, ni mzigo wa mdaiwa. Parokia maskini nayo ilikuwa mdaiwa: wagonjwa wengi, majengo duni, kodi kidogo. Hatua kubwa zaidi ilichukuliwa London mwaka 1894 kwa Sheria ya Kusawazisha Kodi. Kila parokia, pamoja na kitovu cha mabenki, ilitoa peni 6 kwa kila pauni ya thamani ya majengo yake katika mfuko mmoja. Fedha ziligawanywa kwa hesabu ya vichwa vya watu. Hivyo mahali kama Bethnal Green palipata zaidi ya palivyotoa, na fedha hizo zilipaswa kutumika kwanza kwa kazi za afya, kisha taa na barabara. Mabenki yalinung'unika, yakalipa.

Hata hivyo mfuko huo ulikabidhiwa kwa halmashauri za parokia, na katika nyingi ya hizo waliokaa vitini walikuwa wenye maduka na wenye nyumba za kupangisha, wale wale waliopaswa kuamriwa kuvuta mabomba.