Babi wa Unguja, kutoka mashamba ya miwa hadi Mekong

Algeria waliikaribisha Taifa Stars mjini Blida tarehe 3 Septemba 2010, Ramadhani ikiwa katika kumi la mwisho. Miezi isiyofika mitatu nyuma, Waalgeria hao hao walikuwa wamewabana Waingereza 0-0 kwenye Kombe la Dunia. Wengi walibishana Stars itafungwa mabao mangapi tu. Abdi Kassim akawatangulia wenyeji kwa bao. Adlène Guedioura alisawazisha kabla ya mapumziko, mchezo ukaisha 1-1, na kesho yake kocha Rabah Saadane, aliyewapeleka Afrika Kusini, akabwaga manyanga.

Mfungaji ni kiungo wa Kizanzibari ambaye mashabiki wanamwita Babi. Miaka mitatu kabla ya Blida alikuwa ameshaingia kwenye kumbukumbu. Septemba 1, 2007, Stars waliifunga Uganda 1-0 katika uwanja mpya wa Dar es Salaam, ule unaoitwa leo Benjamin Mkapa. Bao lilikuwa la Babi, na ndilo la kwanza kufungwa pale. Rais Hu Jintao wa China, nchi iliyosaidia kuujenga, alikuja kuukabidhi rasmi mwaka 2009; kwa mashabiki ulikuwa umeshazinduliwa zamani. Furaha yenyewe haikudumu, maana wiki moja baadaye Msumbiji walikuja wakashinda 1-0 hapohapo na safari ya fainali za Afrika nchini Ghana ikafa.

Kwa mchezaji wa Unguja, ugeni huanzia bandarini Malindi. Visiwa vina ligi yao, chama chao na uwanja wao wa Amaan tangu 1970, lakini fedha za mpira ziko ng'ambo ya mkondo. Babi alivuka, akaichezea Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari huko Turiani, Morogoro, kisha akatua Jangwani kwa Yanga. Mtoto wa visiwani kukomalia mpira katikati ya miwa, mbali na harufu yoyote ya bahari: nadhani hakuna nchi ya ugenini iliyoweza kumtisha tena baada ya hapo.

Halafu kuna suala la jezi. FIFA haina nafasi ya Zanzibar. CAF iliipa uanachama kamili Machi 2017, ikaufuta Julai ya mwaka huohuo. Kwa hiyo mtu kama Babi huwa Mtanzania akikutana na Algeria, na huwa Zanzibar Heroes Kombe la Chalenji likifika. Mwaka 2009 jijini Nairobi, Heroes waliwachapa Bara 1-0 na kuchukua nafasi ya tatu. Wanywa kahawa wa Jaws Corner, Mji Mkongwe, wanaweza kukupa kanuni rahisi: Stars ikishinda, hao ni vijana wetu, ikifungwa, hao ni Bara.

Baada ya Yanga, Babi alivuka maji makubwa zaidi, akaichezea Dong Tam Long An ya kusini mwa Vietnam, kwenye delta ya mto Mekong. Danny Mrwanda naye aliichezea klabu hiyo. Si njia ya sifa. Sunday Manara alipokwenda Heracles ya Uholanzi miaka ya 1970, alipata jina la Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Nadir Haroub "Cannavaro", beki wa Unguja, na Nizar Khalfan walipokwenda Vancouver Whitecaps ya Kanada mwaka 2009, magazeti yalikuwa na la kuandika. Nizar alibaki hadi klabu ilipoingia ligi kuu ya Amerika Kaskazini mwaka 2011. Ligi ya Vietnam haijazi kibanda umiza. Mtu huenda huko kwa sababu kuna mkataba na mshahara, basi, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Akarudi Dar es Salaam, safari hii kwa Azam, kisha Malaysia, UiTM, timu ya chuo kikuu cha teknolojia.

Feisal Salum, kiungo mwingine wa Unguja, alivuka mwaka 2018 kutoka JKU kwenda Yanga, na mwaka 2023 akahamia Azam. Klabu za Dar es Salaam sasa zina mishahara ambayo kizazi cha Babi kililazimika kuifuata Asia.