Tunda la Porini Lina Wenyewe Wanaolijua

Waswahili husema usione wembamba wa reli, gari moshi linapita juu yake. Msemo huo unalifaa tunda moja dogo mfano wa gololi, liitwalo bluberi. Leo tunda hilo lina bei kubwa katika maduka ya Ulaya, na hata mashamba ya Murang'a, Kenya, yanalipeleka huko. Lakini miaka mia moja na ushei iliyopita lilikuwa tunda la porini tu.

Wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini walilichuma, wakalikausha na kuliweka akiba ya majira ya baridi. Walowezi nao walilichuma. Kulipanda ndiko kulikowashinda: waliuhamishia mmea kwenye udongo wenye rutuba, ukafa.

Mwaka 1910 Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani, alitangaza siri yake. Mmea huo hutaka udongo wenye asidi, ule ambao wakulima wengi waliuona mbovu. Mwaka 1911 Bibi Elizabeth White wa New Jersey alisoma taarifa hiyo, na familia yake ikatoa shamba la Whitesbog kwa majaribio.

Hapa ndipo penye funzo, ndugu msomaji. Kutafuta mbegu bora, Bibi White aliwaendea wachumaji wa porini, watu waliokijua kila kichaka. Akawapa kipimo chenye tundu la milimita 16. Aliyeonyesha kichaka ambacho matunda yake yalikwama kwenye tundu hilo alilipwa, na kichaka kikaitwa kwa jina lake. Aina ya Rubel, iliyopewa jina la mchumaji Rube Leek, ingali inapandwa. Mavuno ya kwanza yalifika sokoni mwaka 1916.

Sasa tujitazame. Zambarau, mti wa asili ya Bara Hindi, imetupatia hata jina la rangi. Lakini kila msimu matunda yake huanguka yakakanyagwa. Watoto wa mtaa wanaujua mti wenye zambarau kubwa na tamu. Akina mama wanaoziuza kwenye beseni wanaujua zaidi. Nani amewahi kuwauliza? Mti huo ukikatwa kupisha nyumba, mbegu yake inakwenda nao.

Wataalamu tunao vyuoni. Wawafuate akina mama hao sokoni, na wawahi kabla ya shoka.