Kadi Moja, Jimbo Zima: Georgia Ilivyofungua Maktaba Zake

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea juu ya vitu vya bure ambavyo watu wetu hawajui kama vipo, nami nikataja maktaba ya mtandaoni ya jimbo la Georgia. Baadaye wengi mkaniuliza: bure kweli? Nani analipa? Na kwa nini wampe kila mtu? Maswali mazuri. Jibu lake ni historia, na inaanzia mbali kidogo, basi tulieni niwasimulie. Na jamani, ni Georgia ya Marekani, yenye Atlanta, siyo ile nchi jirani ya Urusi.

Tuanze mwaka 1902. Atlanta ilifungua maktaba kubwa ya umma iliyojengwa kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie. Ilikuwa ya umma kwa jina, lakini Weusi hawakuruhusiwa kuitumia, ingawa kodi walilipa kama wengine. W. E. B. Du Bois, msomi mkubwa aliyekuwa akifundisha Atlanta University wakati huo, alikwenda na wenzake mbele ya wasimamizi wa maktaba kudai haki hiyo. Wakakataliwa. Weusi wa Atlanta walingoja mpaka 1921 ndipo wakapata tawi lao dogo, pale Auburn Avenue.

Mlango wenyewe ulifunguka Mei 1959, baada ya kampeni ya raia na tishio la kesi mahakamani. Kadi ya kwanza chini ya utaratibu mpya ilichukuliwa na Irene Dobbs Jackson, mwalimu wa Kifaransa katika chuo cha Spelman. Fikiria: huyu mama alikuwa na shahada ya udaktari kutoka chuo kikuu cha Toulouse, Ufaransa, lakini katika mji aliozaliwa hakuwa na ruhusa ya kuazima kitabu katika maktaba kuu. Mwanawe, Maynard Jackson, alichaguliwa mwaka 1973 kuwa meya wa kwanza Mweusi wa Atlanta.

Nimeanza na hayo kwa sababu kila maktaba ina swali moja linalokaa mlangoni: nani ni wa hapa? Mwaka 1902 jibu lilitokana na rangi ya mtu. Sasa tuone jibu lilivyobadilika.

Hata baada ya ubaguzi wa sheria kwisha, ulibaki ubaguzi wa mfuko. Georgia ina kaunti 159. Zipo kaunti tajiri za pembeni ya Atlanta, na zipo za mashambani kule kusini ambazo bajeti ya maktaba yake ni ndogo mno. Mwanafunzi wa kaunti maskini alikuwa na rafu chache za vitabu, vingi vimezeeka. Majarida ya kitaalamu ndiyo usiseme, maana bei yake ni kubwa hata kwa vyuo vikuu. Yaani ulichoweza kusoma kilitegemea ulizaliwa upande gani wa barabara.

Mwaka 1995 Georgia ikafanya jambo. Gavana Zell Miller na bunge la jimbo walitoa fedha, na Septemba mwaka huo vyuo vikuu vya umma vikaanzisha mfumo ulioitwa GALILEO. Wazo lake ni rahisi, kama vile kina mama wanavyochanga pesa wanunue gunia zima la mchele badala ya kila mmoja kwenda dukani kununua kilo moja. Badala ya kila maktaba kujadiliana na wachapishaji peke yake, jimbo linajadiliana kwa niaba ya wote, linalipa leseni ya pamoja, na kila maktaba inafungua hazina ile ile. Ndani ya miaka michache, maktaba za umma na shule nazo zikaingizwa.

Hapo ndipo neno muhimu linapokuja: mkazi. Huhitaji kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu ili usome humo, na huhitaji kuwa tajiri. Kinachotakiwa ni kwamba unaishi Georgia. Ukiwa ndani ya jimbo, mara nyingi tovuti yenyewe inatambua ulipo; ikishindwa, unaomba nywila kwenye maktaba ya mtaani kwako. Mtoto wa Clarkston, ule mji mdogo karibu na Atlanta ambako ukipita unasikia Kiswahili cha Kongo na cha Burundi, anafungua majarida yale yale yanayofunguliwa na mtoto wa mwanasheria wa mjini.

Mwaka 1999 likafuata jambo la pili. Wakati ule dunia nzima ilikuwa na hofu kwamba kompyuta zitavurugika mwaka 2000 ukiingia. Maktaba nyingi ndogo zilikuwa na mifumo ya kizamani, ikabidi ibadilishwe. Georgia ikatumia nafasi hiyo kuziunganisha katika mfumo mmoja unaoitwa PINES: kadi moja, katalogi moja. Kitabu kikiwa kaunti ya mbali, unakiagiza na kinaletwa kwenye tawi lako. Baadhi ya kaunti kubwa za eneo la Atlanta zilibaki na mifumo yao, lakini sehemu kubwa ya jimbo imo. Na programu za kununua zilipowashinda kwa ukubwa wa kazi, watu wa maktaba za Georgia wakatengeneza ya kwao, Evergreen, iliyoanza kazi Septemba 2006. Hawakuifungia. Waliiachia wazi, na leo maktaba za majimbo na nchi nyingine zinaitumia bila kulipia leseni.

Sasa nije kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote humo ndani. Maktaba ya Dijitali ya Georgia, iliyo chini ya mwavuli huo huo, imeweka mtandaoni magazeti ya zamani ya jimbo, likiwemo Cherokee Phoenix. Gazeti hili lilianza Februari 1828 katika mji wa New Echota, likichapishwa kwa Kiingereza na kwa Kicherokee, kwa herufi alizozibuni Sequoyah, mtu ambaye hakujua kusoma lugha yoyote kabla hajaunda mwandiko wa lugha yake. Ndilo gazeti la kwanza la Wenyeji wa Marekani. Mwaka 1835 askari wa Georgia waliikamata mitambo yake ya uchapaji. Mwaka 1838 Wacherokee wakaondolewa kwa nguvu katika ardhi yao, na maelfu walifariki dunia.

Jimbo lililonyamazisha gazeti lile leo linalihifadhi na kulitoa bure. Sisemi kwamba deni limelipwa, maana kurasa mtandaoni hazirudishi ardhi. Ila sisi tuliokua tukiongea lugha moja nyumbani na nyingine shuleni tunaelewa uzito wa kuona lugha ya nyumbani imepigwa chapa, inabishana na serikali, haiombi radhi kwa kuwepo. Lifungue, hata kama huelewi herufi moja.

Msidhani kwamba haya yote ni ya milele. Fedha za jimbo hupangwa upya kila mwaka, na sehemu ya huduma za maktaba Marekani hutegemea fedha za serikali kuu, utaratibu ulioanza na sheria ya mwaka 1956 ya kusaidia maktaba za mashambani. Machi 2025 Rais Trump alisaini amri ya kuipunguza kabisa taasisi inayogawa fedha hizo. Majimbo 21 yalikwenda mahakamani kupinga. Huko Mississippi, huduma ya kuazima vitabu vya kielektroniki kupitia hoopla ilisimamishwa mwezi huo huo. Watu waliokuwa wakisoma kwenye simu zao wiki iliyopita walikuta mlango umefungwa.

Kwa hiyo, nani analipa? Wazazi wenu. Kila mama anayekatwa kodi kwenye mshahara wa kiwanda cha kuku, kila baba anayelipa kodi ya mauzo dukani, amechangia gunia lile. Kisha wengi wao hawajawahi kuambiwa kuwa mchele upo. Wewe unayeishi Georgia, wiki hii mkalishe mzazi wako mbele ya simu na umwonyeshe. Unayeishi jimbo lingine, nenda umwulize mkutubi wako jimbo lenu limelipia nini; majimbo mengi yana mpango wa aina hii, kila moja kwa jina lake. Halafu tuambieni mmekuta nini, tutayasoma kipindi kijacho.