Uvimbe wa Bondeni, Uvimbe wa Mlimani

Eldoret imekaa juu, takribani mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa ramani aliyoichora daktari mpasuaji Denis Burkitt mwanzoni mwa miaka ya 1960, saratani iliyokuja kuitwa kwa jina lake haina makao huku. Karibu na ikweta, alisema, ukishapita mita 1,500 hivi unaiacha nyuma. Hata hivyo watoto wenye saratani hiyo hulazwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, mjini hapahapa. Wengi wamepandishwa kutoka kaunti za chini, upande wa Busia, Bungoma na Ziwa Viktoria.

Kuielewa ramani hiyo kunataka uteremke nayo. Ukitoka Eldoret kwenda Malaba, mahindi ya Uasin Gishu hukusindikiza hadi Turbo, kisha joto linaanza kuongezeka. Karibu na Webuye unavuka mstari wa Burkitt. Miwa inachukua nafasi ya mahindi, na chandarua kinakuwa kitu cha lazima. Mbele ni Jinja, kisha Kampala, ambako habari hii ilianzia.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Dkt. Hugh Trowell alimwita Burkitt amtazame mvulana wa miaka kama mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba juu na chini, kushoto na kulia. Jipu haliwi hivyo. Wiki chache baadaye Burkitt alikwenda Jinja akakuta mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Alipopekua kumbukumbu za hospitali na kuzilinganisha na maiti zilizochunguzwa, aliona kwamba uvimbe wa taya, wa tumbo na wa figo, ambao kila mmoja uliandikwa peke yake, ulikuwa ugonjwa mmoja. Alichapisha maelezo yake mwaka 1958.

Likabaki swali la mipaka yake. Tarehe 7 Oktoba 1961 Burkitt, aliyepoteza jicho moja utotoni, aliondoka Kampala na madaktari wamishonari Ted Williams na Cliff Nelson katika gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki kumi walikwenda maili 10,000, kilomita 16,000 hivi, wakipita hospitali zaidi ya 50 hadi kusini mwa Afrika, na kila walipofika waliuliza kama ugonjwa huo unaonekana pale. Majibu yalifuata joto, mvua na mwinuko, yaani mipaka ileile ya malaria.

Sampuli kutoka Uganda zilimfikia Anthony Epstein mjini London, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi kilichoonekana ndani ya seli za uvimbe huo. Leo tunajua kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho. Malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara ndiyo inayokipa nafasi ya kuleta balaa.

Wakati huohuo Nairobi, Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo, alikuwa akihangaika na uvimbe mwingine. Huu hukaa nyuma ya pua, juu ya kaakaa, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo au kamera. Wagonjwa wengi walitoka nyanda za juu, Wakalenjin wakiwemo, na Clifford alishuku moshi wa nyumba zisizo na dohani, ambamo moto huwashwa mchana na usiku kwa sababu ya baridi. Ikaonekana kama milima na mabonde yamegawana magonjwa.

Maabara ikayaunganisha. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani waliona kwamba damu ya wagonjwa wa uvimbe wa nyuma ya pua nayo ina kingamwili zinazohusiana na kirusi cha Epstein. Mwaka 1970 Harald zur Hausen na wenzake, Clifford akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba vinasaba vya kirusi hicho vimo katika vipande vya nyama vya uvimbe wa aina zote mbili.

Eldoret inapokea magonjwa yote mawili. Mtoto anakuja anakoroma kama mzee, inadhaniwa ni tezi za koo. Mtu mzima anakuja na uvimbe wa shingo, inadhaniwa ni kifua kikuu. Mara nyingi dhana hizo ni sahihi, na hapo ndipo hatari ilipo. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache, na ukiwa kooni, kumlaza mtoto chali au kumpa dawa ya usingizi bila maandalizi kunaweza kuifunga njia ya hewa. Ule wa nyuma ya pua huenda polepole, ukaziba sikio moja na kutoa damu puani, huku mgonjwa akinunua dawa za mafua kwa miezi.

Kwa hiyo mgonjwa aulizwe kwao ni wapi na alikulia wapi, kwa makini yaleyale anayopimwa homa. Na pua iliyoziba upande mmoja, sikio lililoziba bila mafua, au uvimbe wa shingo usiopungua baada ya wiki tatu, usiendelee kutibiwa kwa kubahatisha. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, na ikihitajika kipande cha nyama kichukuliwe kikapimwe. Saratani ya Burkitt ni miongoni mwa saratani za kwanza kabisa kuponywa kwa dawa peke yake, na matibabu hayo yalijaribiwa hapahapa Afrika Mashariki. Mtoto akiwahi, anaweza kupona.