Njia ya Kiboko Uani kwa Bibi

Likizo iliyopita nilitoka Mbale, nikashuka Musita, nikapanda boda boda hadi kijijini kwetu kando ya Ziwa Victoria, katika wilaya ya Mayuge. Asubuhi ya kwanza Bibi alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko. Katikati ya matuta ya viazi vitamu palikuwa na nyayo pana zenye vidole vinne vinne, zimejaa maji ya mvua. Majani yalikuwa yameliwa na tuta moja limesagwa kabisa. Bibi alinionyesha nyayo hizo kama mtu anavyomsema jirani aliyeingia bila kubisha hodi.

"Amepita tena," alisema. "Halafu bwana yule anasema sisi ndio tuliomfuata."

Bwana yule ni ofisa mmoja aliyefika kijijini kwenye mkutano. Wanakijiji walilalamika kuwa viboko wanaingia hadi uani usiku, watoto hawawezi kwenda msalani gizani, na mahindi hayafiki kuvunwa. Ofisa akawajibu kwamba wanyama walikuwako kwanza na watu wamewafuata nyumbani kwao. Sikuwako, lakini neno hilo Bibi amelirudia mbele yangu mara nyingi mno. Insha hii nimeiandika kwa sababu yake. Je, ni kweli? Nani alikuwako kwanza?

Nianze na mwaka 1862. Tarehe 28 Julai Mwingereza John Hanning Speke alifika pale mto Naili unapotoka ziwani, mahali ambapo leo ni Jinja, akapaita Maporomoko ya Ripon. Katika kitabu chake anaeleza alichokiona: wavuvi wa Kisoga na wa Kiganda mitumbwini na juu ya miamba, kivuko kikifanya kazi, viboko na mamba wamelala majini, na ng'ombe wakiteremshwa kunywa maji ziwani. Kwa mwanafunzi wa historia picha hii ni hazina. Kiboko yumo, na mwenye ng'ombe yumo, ufuo mmoja, siku moja. Speke hakuwa na sababu ya kutupendelea. Kwa hiyo ofisa hakusema uongo mtupu, ila alisimulia nusu ya hadithi.

Nusu ya pili inaanza na ugonjwa wa malale. Kuanzia mwaka 1901 madaktari wa misheni ya Mengo walipokea wagonjwa waliosinzia, wakakonda, wakafa. Mwaka 1903 David Bruce alithibitisha kuwa vijidudu vya ugonjwa huo vinaenezwa na mbung'o, inzi anayependa vichaka vyenye kivuli karibu na maji. Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 200,000 walikufa katika Buganda, Busoga na visiwa vya ziwa katika miongo miwili ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 1906 akaja Hesketh Bell kuongoza Uganda, naye akaamua kwamba kama mbung'o hawaondoleki, basi waondolewe watu. Wakazi wote wa ufuo wakaamriwa kuhamia bara, maili mbili kutoka majini. Uvuvi nao ukazuiwa.

Hapa Mbale na Jinja zinakutana kwa namna ambayo sikuitarajia. Mwaka huohuo wa 1906 Semei Kakungulu, aliyeujenga mji huu wa Mbale ninaosomea, alipelekwa Jinja kuwa rais wa baraza la machifu wa Busoga. Alikaa huko hadi 1913. Kila siku ninapita mitaa ya mji wake, na sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa kiongozi wa Busoga wakati watu wa ufuo walipokuwa wakifunga mizigo.

Bell alikuwa na hoja: watu wengi walipona kwa kuondoka. Lakini ardhi haikai tupu. Migomba iliyoachwa ilimezwa na msitu, njia za kwenda mialoni zikaziba, na wanyama wakaupata ufuo peke yao. Kiboko hukaa majini mchana kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Usiku hupanda nchi kavu na kula nyasi hata kilo 40. Hupenda kupita njia ileile kila usiku, mpaka njia ikachimbika kama mfereji. Kwa miaka mingi njia hizo zilikatiza mahali palipokuwa vyumba vya kulala na makaburi.

Bibi aliolewa kijijini hapa, kwa hiyo mengi aliyasikia kwa baba mkwe wake, ambaye alizaliwa "kule juu", yaani uhamishoni. Familia ilijaribu kurudi, lakini miaka ya 1940 malale yalizuka tena na sehemu za Busoga ya kusini zikahamwa upya. Waliporudi kwa kudumu, katika miaka ya 1950, mzee hakukuta nyumba wala mpaka. Alikuta mti mmoja wa mvule ambao baba yake alimwambia autafute, na chini yake mawe ya makaburi. Mvule huo ungali pale, na njia ya kiboko inapita hatua chache kutoka kwenye mizizi yake.

Ningeishia hapo, Bibi angefurahi sana. Lakini nilipima. Kutoka tuta la mwisho la viazi vyake hadi majini ni hatua zangu 90. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka mita 200 za ufuo wa Ziwa Victoria ziachwe bila kulimwa. Bell alitaka maili mbili, sheria ya leo inataka mita 200, na Bibi hatambui hata moja kati ya hizo mbili. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa kupita rekodi ya 1964, maji yenyewe yalisogea hadi shambani, na kiboko akaja nayo. Nyasi alizokuwa akila zimegeuka mahindi yetu. Akifika ufuoni usiku na kukuta viazi, atakula viazi.

Sheria inamtambua pia. Nyani, tumbili na nguruwe mwitu wamewekwa katika orodha ya wanyama waharibifu. Kiboko hayumo, kwa hiyo huwezi kumwinda kwa sababu amekula shamba lako. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 imeanzisha mfuko wa fidia, unaotengewa asilimia 2 ya mapato ya mamlaka ya wanyamapori. Jinja mjini wao walimaliza jambo hili kwa mzaha: katika uwanja wa gofu ulio karibu na Naili kulikuwa na kanuni kwamba mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko, mchezaji aruhusiwe kuuondoa bila adhabu. Nilimsimulia Bibi. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akauliza kama kuna kanuni kama hiyo kwa viazi.

Nilipomsomea rasimu ya insha hii, nikiitafsiri kwa Kisoga, alinyamaza nilipofika kwenye zile hatua 90. Alitaka kujua nani alinituma kupima. Nikamwambia hakuna, nilijituma. Akasema niendelee kusoma.

Msimu huu amepanda viazi upande wa juu wa mvule. Njia ya kiboko ameiacha wazi, upana wa hatua nne hivi, na kila upande amechomeka fito zilizotundikwa makopo matupu. Kwenye makaburi amezungushia miiba.